Elfu Sita ya Mtoto Hutoka Wapi?

Wasee, wiki hii komenti zangu zilikuwa vita. Jamaa mmoja aliandika ati sheria inasema baba atoe asilimia 20 ya mshahara kwa mtoto mmoja, na akapigiwa makofi. Buda, hiyo ni Texas. Huko kweli wana jedwali: mtoto mmoja asilimia 20 ya mapato, wawili 25. Hapa Kenya hatuna jedwali. Hakimu wa korti ya watoto anaangalia mtoto anahitaji nini, amezoea maisha gani, halafu anauliza kila mzazi ako na nini.

Kila mzazi. Hapo ndipo watu huteleza. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inasema baba na mama wana jukumu sawa kwa mtoto, wawe wameoana au la. Kwa hivyo hiyo ya "sikumuoa, si shida yangu" iliisha kitambo. Na hiyo ya "mimi ni mama, kazi yangu ni kupokea" pia haifiki mbali.

Lakini sawa si nusu kwa nusu, na hawa wa kudai risiti igawanywe katikati hunichosha. Mimi nimelelewa na mathee, Kayole. Akienda kortini nilikuwa darasa la sita. Alibeba mkebe wa Blue Band umejaa risiti: karo, viatu, dawa za pumu, kodi ya nyumba. Akaandika kwa hati ya kiapo anapata ngapi kwa mtumba na anatumia ngapi. Mzee naye akaapa anapata 15,000 kwa mwezi. Mtu ako na matatu barabarani! Hakimu alipoitisha rekodi zake za M-Pesa, hesabu ikabadilika ghafla. Mwishowe mzee akapewa karo yote na elfu sita kila mwezi, mathee akabaki na chakula na nyumba. Kwa karatasi unaweza kusema mzee alibeba zaidi. Sawa, lakini ni nani alikuwa anaamka saa nane usiku nikishindwa kupumua? Hiyo pia ni kulipa, na haina risiti.

Maoni yangu ni haya: rekodi za M-Pesa na benki za miezi sita ziletwe siku ya kwanza, na wazazi wote wawili, bila kungoja mtu abishane. Mwenye mshahara wa ofisi hawezi kujificha, karatasi yake inajulikana. Mwenye biashara ndiye huapa umaskini asubuhi na jioni anaitisha nyama choma.

Nisiwe mnafiki, mathee naye alikosea. Kuna wakati mzee alichelewa miezi miwili, akamkataza kuniona. Kumwona mtoto si tiketi ya kununua. Kama pesa haiji, unarudi kortini. Na kama wewe ndiye umefutwa kazi, pia unarudi, unaomba kiwango kipunguzwe. Kuzima simu haipunguzi deni hata shilingi.

Na si lazima mwanzie kortini. Mnaweza kwenda kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo yenu, mkubaliane, mwandike, mweke sahihi. Nawaambia nyinyi wa miaka 21 wenye mtoto na mapenzi bado ni moto: andikeni sasa mkiongea vizuri. Najua inakaa vibaya. Andikeni tu.

Kitu ambacho hakuna mtu aliniambia ni hii ya miaka 18. Siku yangu ya kuzaliwa nilipata ujumbe kutoka kwa mzee: "Hongera, sasa wewe ni mtu mzima." Mwezi uliofuata hakuna pesa. Nilikuwa form four, mitihani ya mock imebaki wiki mbili. Tulidhani sheria imekwisha hapo, tukanyamaza, mathee akakopa kwa chama. Kumbe korti inaweza kuongeza muda kama mtoto bado anasoma, na mtoto mwenyewe anaweza kuomba. Nilijua nikiwa chuo, tumeshalipa kila kitu.

Brathe yangu mdogo anafikisha 18 mwezi wa kumi na moja, katikati ya KCSE. Mkebe wa Blue Band bado uko juu ya kabati. Safari hii tunaenda mwezi wa tisa.