"More Haste, Less Speed" Si Amri ya Kungoja

Wasee, kuna methali ya Kiingereza ambayo imegeuzwa pingu ya vijana: "More haste, less speed." Ukiuliza kazi, unatupiwa hiyo. Ukiuliza malipo, hiyo tena. Kila mtu anadhani maana yake ni "tulia, ngoja." Zii!

Angalia hilo neno "speed." Kwa Kiingereza cha zamani halikuwa la mbio. Lilimaanisha mafanikio, mambo kumnyookea mtu. Ndio maana Waingereza walimuaga msafiri kwa "Godspeed." Hawakuwa wanamwambia akanyage mafuta, walikuwa wanamwombea Mungu amfanikishe. Kwa hivyo methali inasema: papara ikizidi, mafanikio yanapungua. Ni ile yetu tu, haraka haraka haina baraka. "Speed" ndiyo hiyo baraka.

Sasa nionyeshe mahali imeandikwa mtu akae bila kulipwa.

Kuna mteja alinipigia saa tatu usiku, anataka video kesho asubuhi. Nikakesha naihariri, bando langu, tokeni za stima za mathe. Asubuhi akaiposti. Miezi mitatu baadaye nauliza doo yangu, ananirushia methali. Kwani haraka ni dhambi ikiwa ya kijana pekee?

Methali inamkanya anayefanya kazi: fundi anayekata kitambaa kabla ya kupima, msee anayesambaza habari akiwa amesoma kichwa tu. Haimkanyi anayedai jasho lake. Na kama kuna aliyekuwa na papara hapa, ni yule aliyetaka kazi ya siku tatu kwa usiku mmoja.

Hata nilipoacha chuo walisema nina haraka. Karo ndiyo ilikuwa na haraka kuniliko.

Wahenga wetu hawakuegemea upande mmoja. Waliotuachia haraka haraka haina baraka walituachia pia ngoja ngoja huumiza matumbo. Ajabu ni kwamba wanaotuhubiria ile ya kwanza huwa washakula.

Kwa hivyo ukitupiwa hii methali na mtu amekalia pesa yako, usiinamishe kichwa. Mwambie hivi: boss, kama unaiamini kweli, nipe muda kabla ya kazi. Kazi ikiisha, nipe pesa.