Afya ya Jamaa: Pumzi Kwanza kwa Aliyezama

Huko Gitaza, baina ya Bujumbura na Rumonge, milima imeshukia Ziwa Tanganyika, na watoto huoga karibu na nyumba zao. Mtu akizama, kwanza arushiwe kamba au anyoshewe kasia, wasije wakafa wawili. Akitolewa, asining'inizwe kichwa chini wala kukamuliwa tumbo: alichokosa ni hewa, na matapishi yaweza kuingia mapafuni. Asipopumua, alazwe chali, kidevu kiinuliwe, pua ibanwe, apuliziwe pumzi 5 kinywani. Kisha kifua kikandamizwe kwa nguvu mara 30, pumzi 2, vivyo hivyo bila kukoma. Aliyejitosa kichwa mbele asipindwe shingo. Akizinduka, alazwe ubavu, afunikwe, apelekwe hospitali hata akisema ni mzima.