Anayebeba Mfuko Anaijua Njia

CHINI YA MWEMBE
Na Ilunga Kabwe

Asubuhi za mwezi wa saba hapa Lubumbashi, baridi inauma. Juma lililopita nilipita mtaa wa Golf jua likiwa bado chini, nikamkuta kijana ameegemea ukuta, mfuko wa fimbo umesimama kando yake. Nikamuuliza kama naye anacheza gofu. Akachomoa fimbo moja, akaipangusa kwa pindo la koti, akaishika taratibu, kidole gumba kikalala mahali pake. Akapiga hewa. Mabega yalizunguka pamoja na kiuno bila papara hata kidogo. Kisha akairudisha mfukoni.

"Fimbo hii haiko yangu, papa. Minabebaka tu."

Neno hilo limenikaa moyoni, kwa sababu najua watu walioanza kwa kubeba tu wakafika mbali.

Mmoja wao ni Dismas Indiza wa Kenya. Alikuwa kedi, yaani mbeba mifuko ya wachezaji, huko Mumias, mji wa miwa, ambako kiwanda cha sukari kilikuwa ndicho baba na mama wa kila kitu, uwanja wa gofu ukiwemo. Sisi wa mji wa shaba hatuhitaji kuelezwa maisha hayo. Mwaka 2019 kiwanda kile kiliwekwa chini ya msimamizi wa madeni. Kwetu, mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa kampuni ya shaba ya Gécamines walipewa mkono wa kwaheri. Kampuni inaweza kuanguka, lakini ujuzi ulio mikononi mwa mtu haufi nayo. Indiza alitoka kwenye mifuko ya wenzake akawa mchezaji wa kulipwa, na jina lake linaheshimiwa katika gofu ya Kenya.

Kabla yake alikuwapo Sewsunker Sewgolum, waliyemwita Papwa, Mhindi wa Durban, Afrika Kusini. Naye alianza kwa kubeba. Alishika fimbo kinyume na wanavyofundisha walimu wote, mkono wa kushoto chini ya wa kulia, na kwa mshiko huo akashinda Dutch Open mwaka 1959. Mwaka 1963 alishinda Natal Open nyumbani kwao, lakini sheria za ubaguzi zilimkataza kuingia jengo la klabu. Wazungu walikaa ndani. Bingwa alipokea kombe lake nje, mvua ikimnyeshea. Wazee wetu wanaokumbuka Lubumbashi ilipoitwa Élisabethville, na ule ukanda mtupu uliotenga mji wa Wazungu na cité ya Waafrika, hawatashangaa.

Leo hakuna sheria inayomweka kijana nje. Kinachomweka nje ni bei. Hata akivuka kizingiti hicho, maisha ya gofu ya kulipwa hayana mshahara. Chukua Kenya Open, iliyoanza mwaka 1967 na tangu 2019 imo katika mzunguko mkuu wa Ulaya. Mchezaji hulipa nauli, malazi na kedi wake. Baada ya siku mbili idadi inapunguzwa. Aliyekatwa anarudi nyumbani bila hata senti. Na nyumbani hawaulizi alipiga mipigo mingapi. Wanauliza unga wa bukari na pesa ya shule. Katika shindano hilo hilo, mwaka 1998, Jacob Okello wa Kenya alifungana kileleni na Ricardo González wa Argentina, akashindwa katika mchezo wa ziada. Pigo moja linaweza kubadili maisha ya nyumba nzima. Ndiyo maana nasema nyuma ya kila mchezaji wa namna hii yupo mke, mama au dada aliyeubeba mfuko mzito kuliko ule wa fimbo.

Wapo watakaosema gofu ni ya matajiri, tuwaachie, watoto wetu wana mpira. Mimi naipenda TP Mazembe kama Mlushois yeyote, na mwaka 2010 ilipofika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu nililia kwa furaha. Lakini Mazembe yenyewe imetufundisha kwamba kipaji hakijileti uwanjani. Kinahitaji viatu, mwalimu, na mtu wa kulipa.

Kwa hiyo nawaomba wenye viwanja vya gofu, hapa na kote Katanga: wapeni makedi nusu siku kila juma wacheze wenyewe. Wanachama, fimbo mnazozibadilisha msizifungie stoo. Kampuni za madini, lipieni mwalimu mmoja na zawadi ya shindano moja la makedi kwa mwaka. Kwenu ni fedha ndogo.

Yule kijana anajua upepo unakotokea na mpira utakakobingirika ukikaribia shimo, maana kila siku tajiri wake humuuliza yeye kabla ya kupiga. Anayeombwa ushauri hivyo anastahili, walau mara moja kwa juma, kupiga mpira wake mwenyewe.