Hasara ya pili



Hapa kwetu Kivu hakuna tena mutu mwenye kuuliza kama musiba utakuja. Tunauliza tu utaingilia mulango gani. Tarehe 1 mwezi wa 8 mwaka 2018 Ebola ilitangazwa kule Mangina, katika teritware ya Beni. Ilipotangazwa kwisha, tarehe 25 mwezi wa 6 mwaka 2020, ilikuwa imeshika watu 3.470 na kuua 2.287 kati yao. Mbele haijaisha, Korona nayo ikafunga mipaka. Tarehe 22 mwezi wa 5 mwaka 2021 Nyiragongo ikatapika. Tarehe 4 mwezi wa 5 mwaka 2023 mito ikashuka na mawe juu ya Bushushu na Nyamukubi, kule Kalehe, na watu zaidi ya 400 wakafariki. Kisha, mwisho wa mwezi wa 1 mwaka 2025, vita ikafanya mabanki ya Goma yafunge milango.

Kila mara redio inahesabu wafu na nyumba. Ni haki, wafu wanastahili kuhesabiwa. Lakini iko hasara ingine yenye hakuna mutu anaihesabu. Sisi agronome tunaikuta mashambani miezi sita kisha musiba: jembe lililouzwa, mbuzi aliyeuzwa, mbegu iliyoliwa, kipande cha shamba kilichowekwa rehani, mutoto aliyeondolewa kwa masomo. Mulima haukuchukua yule mbuzi. Wiki ya kwanza kisha musiba alikuwa angali amefungwa nyuma ya nyumba. Aliondoka wiki ya tatu, kwa bei ya bure, na hakurudi tena.

Hii sisi tunaiita hasara ya pili. Ya kwanza hatuna nguvu ya kuizuia: hakuna koperative yenye kuziba mudomo wa Nyiragongo. Ya pili inaweza kuzuiwa, na tunasema wazi: koperative yenye kuacha wanachama wake waanguke ndani ya hasara ya pili haijatimiza kazi yake, hata kama kahawa yake inasifiwa Ulaya.

Tuangalie vile inatokea, juu wengi wanafikiri ni bahati mbaya tu. Kijiji chote kinapigwa siku moja. Kila nyumba inatafuta makuta siku moja: kununua chakula, kulipa dawa, kuzika. Kila nyumba inatoa mbuzi sokoni siku moja. Mbuzi wanakuwa wengi, wanunuzi wachache, bei inaanguka. Wakati huohuo, maharagi yanakuwa machache, juu barabara imekatika ao musafirishaji anaogopa kuingia, na bei yake inapanda. Tuseme siku za kawaida mbuzi mumoja alikuwa anakupatia magunia mawili ya maharagi. Siku ya musiba anakupatia nusu gunia. Hakuna mwizi hapo, na hakuna mutu amekudanganya kwa mizani. Lakini umepoteza gunia moja na nusu kwa kuuza tu siku ile wote wanauza.

Mwenye hana mbuzi anaingia kwa « Banque Lambert ». Tunamaanisha ule mukopo wa mutaa, chukua 100 rudisha 150, wenye kila mutu anajua na hakuna mutu anausemea kwa sauti. Ao anauza kahawa yake ingali maua. Mavuno yakifika, yeye ni mufanyakazi ndani ya shamba lake mwenyewe.

Kule Beni na Butembo, wakati wa Ebola, hasara ya pili ilivaa nguo ingine. Wachuuzi waliogopa kupanda Mangina na Mabalako. Walioenda walipunguza bei, wakisema wanalipisha hatari ya njia. Mikono mingi ilikosekana mashambani juu watu waliogopa kufanya kazi pamoja. Lakini kulikuwa pia na makuta: riposte ilikodi magari, nyumba, madereva, vijana wa kunawisha mikono kwenye bariere. Kijana aliyekuwa anapalia kakao aliacha panga, akachukua kazi ya kulipwa kwa siku. Hatumulaumu, sisi pia tungechukua. Shida ilianza riposte ilipofunga mizigo: kodi za nyumba zilikuwa zimepanda, kakao ilikuwa imeingiliwa na majani, na ile mishahara haikuwa imegeuka kitu cha kudumu, si mbegu, si depo. Makuta mingi kwa muda mufupi, bila mahali pa kuyashikisha, inaweza kuacha kijiji kikiwa maskini kuliko mbele.

Nyiragongo ilionyesha jambo ingine. Mashamba mengi hayakuguswa na moto, lakini lava ilikata barabara ya Goma kwenda Rutshuru. Mwenye kabichi Kibumba hakupoteza shamba, alipoteza soko. Kabichi haingoje. Tarehe 27 mwezi wa 5 serikali ikaamuru sehemu kubwa ya Goma ihame, wanunuzi wakakimbilia Sake, Minova na Gisenyi. Mutu anaweza kufilisika na shamba lake likiwa kijani kibichi. Kwa hiyo tunapinga ile tabia ya kusaidia tu « waliopigwa moja kwa moja ». Liste za musaada zinaandika mwenye nyumba yake iliungua, na ni sawa, lakini zinamusahau yule wa mbali aliyeoza na kabichi zake.

Kwa mipaka, wakati wa Korona, tuliona kinyume chake, na tunapenda kukisema juu kinatia moyo. Mama wanaovusha mizigo midogo kila siku walikatazwa kupita kwa miguu. Wale waliokuwa wameshajiunga walifanya hesabu: muzigo wa wengi ndani ya gari moja, mutu mumoja wa kufuata karatasi. Faida ilipungua, gari ililipwa, lakini biashara haikufa. Wale waliokuwa kila mumoja na kikapu chake walikula mutaji mpaka ukaisha. Ugonjwa ulikuwa uleule na mupaka uleule.

Sasa tuje kwa kahawa, juu hapa makoperative mengi yaliumia mwaka 2025. Mwezi wa 2 mwaka ule, bei ya arabika kule New York ilipita dola 4 kwa ratili, bei yenye wazee wetu hawakuwahi kuisikia. Kwa Kivu ni wakati mavuno yanaanza. Kahawa mbivu inapaswa kumenywa siku ileile imechumwa, hailale. Kumbe kituo cha kuoshea kinahitaji makuta mukononi kila jioni kulipa mukulima. Koperative yenye ilikuwa na kila kitu kwa konti ya banki ilibaki kutazama: iko na makuta kwa karatasi, lakini haina noti hata moja ya kulipa. Mukulima hakungoja, kahawa ikaenda kwa muchuuzi wa mutaa, ikavuka ziwa usiku. Bei kubwa ilipita juu ya kichwa chetu kama ndege.

Tunasikia kila mara: « Akiba tutaitoa wapi? Hata chumvi ni shida. » Ni swali la haki na hatulijibu kwa kicheko. Mwenye njaa leo hawezi kuweka akiba leo. Lakini iko siku moja kwa mwaka yenye makuta yanapatikana: siku ya kugawa. AVEC inafungua sanduku, inagawa kila kitu, inaanza tena na sifuri. Koperative inalipa ristourne, wote wanapiga makofi. Kwa mwezi ule unaofuata, nyumba ya koperative iko uchi kabisa. Kama musiba unaingia wakati ule, hakuna hata franga ya kukodi pikipiki.

Wenye MUSO wako na kisanduku chekundu, kile cha kusaidia mwenye matatizo, kando ya kile cha kijani cha mikopo na kile cha buluu cha makuta ya nje. Ni mupango muzuri. Lakini mahali pengi tunapopita, kisanduku chekundu kimekuwa cha matanga na uzazi. Kimetengenezwa kwa mutu mumoja kuanguka na wengine kumuinua. Siku wote ishirini na tano wanaanguka pamoja, nani atamuinua nani? Kugawana umaskini si bima.

Kwa hiyo akiba ya musiba inapaswa kuwa kitu kingine, chenye jina lake na hesabu yake. Na si mawazo yetu tu. Kongo iliingia OHADA mwaka 2012, na sheria ya OHADA juu ya makoperative inadai kutenga angalau asilimia 20 ya faida kwa akiba ya jumla, na 20 ingine kwa masomo ya wanachama, mpaka kila moja ifikie kiasi cha mutaji. Tumeona statuti nyingi zilizoandika jambo hili kwa kifaransa kizuri, na vitabu vya hesabu vyenye havina hata mustari wake. Komite ikiulizwa inasema wanachama walitaka yote igawanywe. Tunaamini. Lakini sheria haisemi « kama wanachama watapenda ».

Na akiba isiwe makuta tu. Hapo tunasema kama watu wa kilimo. Franga inaanguka, banki inafungwa, sanduku linaibiwa. Mbegu inabaki mbegu. Koperative ya wanachama 200, kila mumoja akileta kilo 5 za maharagi mazuri wakati wa mavuno, iko na tani nzima. Kilo 10 zinatosha kupanda ares 10 hivi. Basi tani ile inaweza kurudisha familia 100 shambani musimu unaofuata, na mbegu yenye wanaijua, bila kungoja gari la mutu. Tunajua magari yale, ni sisi wenyewe tunayapakia. Yanakuja, lakini barua, tenda na barabara zinakula majuma, na mvua ya mwezi wa 9 haisome barua. Mbegu ikifika mwezi wa 11 inapikwa, na hatuna haki ya kumukasirikia mwenye kuipika.

Maharagi ya akiba yanataka kukauka vizuri na kufungwa ndani ya mifuko isiyopitisha hewa, bila hivyo dudu la maharagi litakula pamoja nanyi. Yabadilishwe kila musimu: ya zamani yanatoka, mapya yanaingia. Yasilale pia mahali pamoja. Depo ya Bushushu haingesaidia Bushushu tarehe 4 mwezi wa 5. Koperative ya kando ya ziwa ifanye mapatano na ile ya mulimani: sehemu ya mbegu yenu inalala kwetu, sehemu ya yetu inalala kwenu. Ni mara chache mulima mumoja unaangukia wote wawili usiku mumoja.

Wanyama wadogo pia ni akiba, hasa simbilisi, wengine wanasema dende. Anazaa mbio, anakula majani, anaweza kufichwa ndani ya kikapu mukikimbia. Ng'ombe ni heshima, lakini hakuna mutu anauza mukia wa ng'ombe kulipa dawa ya elfu kumi.

Kuna neno moja lenye kila mukutano unalijua na hakuna mutu analisema kwa nguvu: wanachama hawakatai akiba juu ya umaskini peke yake. Wanakataa juu wanafikiri komite itaikula. Na mahali pengine wako na sababu. Hatuwezi kuhubiri akiba na kunyamaza juu ya funguo. Sanduku la AVEC liko na kufuli tatu na watu watatu wa funguo. Depo ya mbegu nayo iwe hivyo, na ufunguo mumoja ukae kwa mama asiyekuwa ndani ya komite. Iandikwe mbele ni musiba gani unafungua mulango: barabara kukatika majuma mangapi, mavuno kupotea kiasi gani, soko kufungwa kwa amri ya nani. Kufiwa kwa prezidenti hakufungui mulango. Ndoa ya mutoto wa kontabu haifungui. Anayepokea kilo 10 arudishe kilo 12 kisha mavuno, na jina lake lisomwe mbele ya wote, na pia jina la asiyerudisha.

Kuhusu kiasi cha kuanzia, tusigombane sana. Franga 20 kwa kila kilo ya kahawa ao kakao inayopimwa ni kidogo, mukulima hataisikia sana siku ile. Wenye muko na mukutano mukuu mwezi wa 3, wekeni swali la kilo 5 na swali la funguo juu ya ordre du jour mbele ya swali la ristourne. Watu wakishapokea makuta, viti vinabaki vitupu, na karani anabaki kuandika maamuzi peke yake.