Minyoo ya maini: Majani ya bure yanavyomgharimu mfugaji Njombe

KILA asubuhi machinjioni kuna jambo linalofanyika ambalo mfugaji halioni. Mkaguzi wa nyama hulichana ini la ng'ombe kwa kisu. Akikuta mirija ya nyongo imekakamaa na ndani yake mna minyoo bapa iliyo mfano wa jani, ini hilo au sehemu yake hutupwa.

Wengi huihesabu hasara hiyo kuwa ni ya mwenye bucha peke yake. Kwa kweli mwenye bucha anapata kipande cha mwisho tu. Hasara kubwa imekwishaingia nyumbani kwa mfugaji miezi mingi kabla ng'ombe hajafika machinjioni.

Minyoo hii haiambukizwi moja kwa moja kutoka ng'ombe mmoja hadi mwingine. Mayai hutoka na kinyesi, yakifika kwenye maji huanguliwa, na kimelea kinachotoka humo lazima kiingie ndani ya konokono mdogo wa majini. Ndani ya konokono huyo kimelea kimoja huzaa vingi. Baadaye vinatoka, vinajishikiza kwenye majani yaliyo majini au kando ya maji, na kumsubiri ng'ombe, mbuzi au kondoo.

Hapo ndipo wafugaji wa Njombe, Makambako na Wanging'ombe wanapohusika. Mvua zikikatika kati ya Aprili na Mei, malisho ya mlimani hukauka. Majani mabichi hubaki mabondeni, kandokando ya vinyungu na mifereji. Ng'ombe wa kuchunga hupelekwa huko, na mwenye ng'ombe wa bandani hukata majani hayohayo na kuyabeba kichwani.

Utafiti uliofanyika wilayani Iringa na kuchapishwa mwaka 2006 ulilinganisha ng'ombe wa asili, wa mashamba makubwa ya maziwa na wa wafugaji wadogo wa maziwa. Minyoo ya maini ilikutwa zaidi kwa ng'ombe wa asili, na kwa wafugaji wadogo ilikuwa pungufu kuliko kwa wengine. Banda linasaidia, lakini si kinga kamili iwapo majani yanatoka bondeni.

Tupige hesabu ya mfano. Tuseme ng'ombe mwenye minyoo anapunguza nusu lita tu ya maziwa kwa siku. Kwa siku 200 za kukamuliwa, hizo ni lita 100. Lita ikiuzwa Sh1,000, mfugaji amepoteza Sh100,000 kwa ng'ombe mmoja. Hapo hatujahesabu kukonda, kuchelewa kushika mimba na ndama dhaifu. Weka bei ya kwenu, kisha linganisha na bei ya dawa.

Kama hesabu ni nyepesi hivyo, kwa nini tatizo linaendelea? Sababu ya kwanza ni soko. Mnunuzi mnadani haoni ini. Anajua baadhi ya maini yatatupwa, lakini hajui ni ya ng'ombe yupi, hivyo hupunguza bei kwa wote. Aliyetibu na ambaye hakutibu wanalipwa sawasawa. Kwa hiyo mfugaji asisubiri bei ya mnadani imlipe gharama ya dawa. Malipo yake yatatoka kwenye ndoo ya maziwa.

Sababu ya pili ni dawa isiyolingana na ugonjwa. Wapo wanaochoma sindano ya ivermectin wakiamini wamemaliza minyoo yote. Dawa hiyo haiui minyoo ya maini. Levamisole ikiwa peke yake nayo haiiui. Albendazole huua iliyokomaa tu, na dozi yake kwa minyoo ya maini ni kubwa kuliko ile ya minyoo ya tumbo. Tena haifai kwa ng'ombe mwenye mimba changa. Triclabendazole huua hata minyoo michanga, lakini soma kwanza maelezo kuhusu ng'ombe anayekamuliwa. Kila dawa ina siku za kusubiri kabla ya kuuza maziwa au nyama, na siku hizo ni sehemu ya gharama.

Sababu ya tatu ni wakati. Kutibu mwanzoni mwa kiangazi hupunguza mayai yanayofika mabondeni pamoja na mifugo. Kutibu tena kiangazi kinapoisha huondoa minyoo iliyookotwa huko kabla mvua hazijasambaza mayai upya. Ratiba ya eneo lako ipange na ofisa mifugo wa kata.

Yapo pia yasiyohitaji fedha nyingi. Kata majani sehemu ya juu, mbali na usawa wa maji. Yakaushe vizuri juani kabla ya kulisha. Nywesha ng'ombe kwenye birika badala ya kumwacha aingie mtoni. Usimwage samadi mbichi kwenye kinyungu; iache iive kwanza. Ukumbuke kuwa binadamu naye huweza kupata minyoo hii kwa kula mbichi mboga zinazoota majini.

Kwa halmashauri kuna jambo moja la kufanya. Mkaguzi tayari anaandika maini aliyoyatupa. Daftari hilo likionyesha pia ng'ombe ametoka kata gani, na ofisa mifugo wa kata hiyo akapewa taarifa kila mwezi, tutajua mabonde yenye tatizo bila kugharamia utafiti mpya. Kwa sasa taarifa hiyo inaishia shimoni pamoja na ini.

Mfugaji anayechinjisha ng'ombe wake asiondoke kabla ya kuuliza, "Ini limeonekanaje?" Akiambiwa lina minyoo, ajue waliobaki bandani huenda wanayo pia, hasa kama wamekula majani ya bonde hilohilo.