Sauti kubwa haitoki kwenye limita

Hapa Arusha, Kijenge, Ngarenaro, Sombetini, Unga Limited: ukigonga milango ya kutosha utakuta chumba ambacho kitanda kimesogezwa ukutani, kompyuta ipo mezani na maiki imesimama mbele ya blanketi lililotundikwa. Miksi za vyumba hivyo ndizo kazi yangu, na nazipenda. Kinachoniuma ni wimbo mzuri kuharibiwa hatua ya mwisho, kwenye kumasta, kwa sababu ya maneno ambayo vijana wanarithishana.

Wanasema: sukuma limita hadi mawimbi yajae skrini kama tofali, wimbo utapiga. Limita haizalishi nguvu. Inazuia vilele visivuke dari, ili wewe upandishe vilivyo chini. Desibeli mbili tatu wimbo unazivumilia. Ukifika nane au tisa, kiki ya ngoma inapoteza ngumi yake, vokali zinapasuka, na kila kilichojificha kinatoka hadharani. Masika moja nilimrekodi dada wa mtaa wa Sakina huku manyunyu yakianguka juu ya bati. Kwenye miksi hatukuyasikia. Nikamasta kwa pupa, nikapandisha desibeli tisa, na mvua nayo ikapanda tisa. Kila alipovuta pumzi, bati lilijibu.

"Lakini nikisukuma nasikia utamu zaidi." Ni kweli unausikia, na hapo ndipo sikio linapokudanganya. Fletcher na Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba sauti ikiwa ndogo, sikio letu linasikia besi kwa shida. Ikiongezeka, besi inajitokeza. Kwa hiyo chochote kilichoongezwa sauti kitaonekana kimenona. Shusha masta yako mpaka ilingane na miksi, ndipo uzilinganishe. Mara nyingi utakuta miksi inapumua na masta imekabwa.

Dai linaloharibu nyimbo nyingi zaidi ni kwamba mtandaoni anayepiga kelele ndiye anayesikika. Mitandao ya muziki siku hizi inapima wimbo mzima, si kilele chake, kwa kipimo kiitwacho LUFS, kinachotokana na kanuni ambayo shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, liliitoa mwaka 2006. Spotify hulenga LUFS -14. Ukipeleka wimbo wenye -7, kwa mpangilio wake wa kawaida unashushwa desibeli saba. YouTube nayo hushusha nyimbo zilizozidi. Sasa uweke pembeni ya wimbo uliomastiwa kwa -12: zote mbili zinatoka kwa kiwango kimoja, ila kiki ya mwenzako ina mgongo, yako imelala. Umelipa kwa ngumi ya wimbo wako, na ulichonunua umenyang'anywa mlangoni.

Kuna hoja moja ninayoikubali. Ndani ya kifodi, daladala yetu ya hapa, hakuna wa kupima. Dereva amechomeka flashi, wimbo wako unafuata baada ya wa msanii mkubwa, na ukiwa mdogo mno abiria wataona umepoa. Hitaji hilo ni la kweli. Dawa yake inaanzia kwenye miksi. Besi ndiyo inayokula nafasi: mtetemo ulio chini ya hezi 30 hausikiki kwenye simu wala kwenye sabufa nyingi za mtaani, lakini limita inauhesabu wote. Ukate. Kiki na besi zisigombanie sehemu moja. Kiki ikigonga, besi irudi nyuma kidogo. Kisha tunza eneo la hezi elfu 2 hadi elfu 4, ambako sikio ni kali zaidi na ambako maneno ya mwanahiphop yanakaa. Ukifanya hivyo, utafika LUFS -10 au -9 bila kupasua kitu. Acha desibeli moja chini ya dari, maana faili linapobanwa kuwa MP3 vilele huongezeka.

Redio nayo isikutishe. Vituo vya FM vina mitambo yao ya kubana na kusawazisha sauti, na wimbo uliokwisha kubanwa ukibanwa tena unatoka unakwaruza.

Wengine wanasema bila studio ya Dar es Salaam haiwezekani. Limita iliyokuja na programu yako inatosha.

Na lile la mwisho, kwamba hiphop ya Arusha lazima iwe ngumu mwanzo mwisho. Mwaka 2004 kundi la hapa, X Plastaz, lilitoa albamu ya Maasai Hip Hop, na ndani yake mwimbaji Merege anaimba Kimasai kando ya marapa. Uimbaji wa namna hiyo unaishi kwa kupanda na kushuka: mmoja anaita, koo zinavuma chini, ukimya kidogo, kisha anaita tena. Ukiujaza huo ukimya, ugumu wenyewe utausimamisha juu ya nini?

Yule dada wa Sakina alirudi Jumapili moja asubuhi, Meru ikiwa wazi hadi kileleni. Tulirekodi upya, tukamasta kwa -10. Tukaomba kuupiga wimbo huo kwenye kifodi, na ulipofika kwenye kiitikio dereva mwenyewe akanyoosha mkono akaongeza sauti.