Malipo ya Mmoja, Kompyuta Mbili

Msomaji wetu mmoja ameuliza: Yeye na nduguye walipanga chumba kimoja hotelini, na kila mmoja ana kompyuta mpakato yake. Intaneti ya hoteli ile haikuwa bure, bali hulipiwa kwa siku. Akalipa mmoja. Je, yafaa wote wawili waitumie? Na ikiwa yafaa, hufanywaje?

Jawabu: Yapasa kwanza tulifahamu jambo lenyewe, kisha ndipo tulitolee hukumu.

Kila kompyuta ina namba iliyotiwa katika chombo chake cha kupokelea mawimbi. Mteja alipapo na kuandika neno la siri alilopewa, mtambo wa hoteli huishika namba ile na kuifungulia njia. Kompyuta nyingine ikija, hukuta njia imefungwa. Lakini yawezekana kompyuta ya kwanza kufanywa mlango wa ya pili. Windows 10 inayo sehemu ya kazi hii tangu mwaka 2016, na kompyuta za Apple zinayo yake. Hapo yote ya kompyuta ya pili hupita ndani ya ile ya kwanza, na mtambo wa hoteli huona kompyuta moja tu. Sharti ile ya kwanza isizimwe, na mwendo wa intaneti hugawanyika baina yao.

Ama hukumu yake, yategemea kilichouzwa. Aya ya kwanza ya Sura Al-Maida yatuamuru kutimiza ahadi tulizofunga. Na kubonyeza neno la kukubali masharti ni kufunga ahadi, hata kama hapana kalamu wala shahidi.

Kwanza: ikiwa hoteli imeuza kwa kompyuta moja, haifai kuingiza ya pili. Wala mtu asiseme, "Mtambo hauoni." Mtambo si muuzaji, muuzaji ni mtu, naye ameweka sharti. Wala asiseme, "Hoteli ni tajiri." Haki haipungui kwa utajiri wa mwenyewe.

Pili: ikiwa imeuza kwa kipimo cha data, au kwa chumba kizima, bila ya kuweka hesabu ya vyombo, hapana ubaya. Mwenye kununua debe la maji haulizwi ni wangapi watakaokunywa.

Tatu: ikiwa masharti hayasemi wazi, na aulize mapokezi. Swali moja halina gharama, na pengine ataruhusiwa. Akikataliwa, ndugu wawili waweza kupokezana kompyuta ile iliyolipiwa, kila mtu kwa zamu yake.

Lakini haki ina pande mbili, na hoteli nayo ina mipaka yake. Mwaka 2014 kampuni ya Marriott ilikubali kulipa dola 600,000 kwa Tume ya Mawasiliano ya Marekani, kwa sababu katika hoteli moja ya Nashville iliyokuwa ikiisimamia, wafanyakazi walizuia intaneti ambayo wageni waliipata kwa simu zao wenyewe, hali intaneti ya hoteli ilitozwa hadi dola 1,000 kwa kifaa kimoja. Basi mgeni akiigawa intaneti ya simu yake, aliyoinunua kwa fedha yake, kwa masharti ya kampuni yake ya simu, hiyo ni mali yake. Asichukue cha hoteli, wala hoteli isimzuilie chake.

Na mwenye kuruhusiwa kugawa, aweke neno la siri lililo gumu. Akiacha mlango wazi, jirani wa chumba cha pili ataingia, na lolote atakalolitenda litaonekana limetoka katika kompyuta ya aliyelipa.

Enyi wazazi, hapa ndipo penye uzito. Fedha ya siku moja ni ndogo. Lakini mtoto aliye pamoja nawe chumbani akikuona wauzunguka mkataba kwa ujanja, atajifunza kwamba uaminifu ni wa pale panapoonekana tu. Somo hilo, sisi walimu hupata taabu kubwa kuliondoa.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.